Kwa nini jambia moja huuzwa kwa bei ya nyumba?

Nchini Yemen na Oman, kisu cha kiunoni kinaweza kununuliwa kwa fedha kidogo au kikazidi thamani ya gari. Tofauti hiyo haina uhusiano na makali yake. Hutokana na mpini, fedha, umri na jina la aliyewahi kukivaa, na kwa miaka mingi sehemu ya gharama ililipwa katika mbuga za Afrika Mashariki.

Mwaka 1992 iliripotiwa kwamba sheikh mmoja wa kabila kubwa la kaskazini mwa Yemen alinunua jambia kwa dola milioni moja za Marekani. Jambia hilo lilisemekana kuwa liliwahi kumilikiwa na Imam Ahmad, mtawala aliyeiongoza nchi hiyo tangu mwaka 1948 hadi alipofariki mwaka 1962. Katika soko la mji mkuu, Sanaa, kijana anayevaa jambia kwa mara ya kwanza angeweza kupata lenye umbo kama hilo kwa bei ambayo haimnyimi mzazi wake usingizi.

Pengo la bei baina ya visu viwili vinavyofanana ndilo huwashangaza wageni wengi wanaofika katika masoko ya Rasi ya Uarabuni. Kisu cha jikoni hukata vizuri kuliko majambia mengi ya gharama, na kwa kazi ya kila siku kina manufaa zaidi. Je, anayelipa maelfu ya dola hupata kitu chenye thamani hiyo, au hununua sifa tu?

Swali hilo lina uzito pia upande huu wa bahari. Neno jambia limo katika Kiswahili tangu zamani, na asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya ubavu. Majambia ya fedha yangali yamehifadhiwa katika makasha ya baadhi ya familia za Unguja, Mombasa na Lamu. Na faru weusi wa Kenya, Tanzania na Uganda walikaribia kumalizika katika kipindi kile kile ambacho pembe za wanyama hao zilikuwa zikichongwa mipini mjini Sanaa.

Silaha isiyochomolewa ovyo

Jambia la Yemen ni kisu kifupi chenye bapa lililopinda, makali pande zote mbili na mgongo ulioinuka katikati. Huvaliwa mbele ya tumbo, katika mshipi mpana uliotariziwa. Katika nyanda za juu za kaskazini mwa nchi hiyo, wanaume wengi hulivaa kila siku, wakiwa sokoni, msikitini na hata ofisini.

Hata hivyo, kulichomoa hadharani si jambo la mzaha. Mila huruhusu lichomolewe katika ngoma, ambapo wanaume hucheza kwa mpangilio wakiwa wameliinua juu. Nje ya hapo, kulitoa alani kwa hasira ni aibu inayoweza kumletea mtu kesi mbele ya wazee. Katika usuluhishi wa migogoro, mwenye jambia huweza kulikabidhi kwa wasuluhishi kama rehani, kuonyesha kwamba atatii uamuzi. Anayelitoa rehani huweka heshima yake na ya ukoo wake, na ndiyo maana jambia lake hutazamwa kwa makini na kila mtu.

Oman nayo ina kisu cha namna hiyo kinachoitwa hanjari. Siku hizi huvaliwa zaidi katika sikukuu za Idi, harusi na hafla za serikali kuliko siku za kawaida. Hanjari imo katika nembo ya taifa, juu ya panga mbili zilizopishana, na nembo hiyo imo katika bendera ya nchi. Mwaka 2022 shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, UNESCO, liliingiza ufundi wa hanjari na desturi zinazoambatana nayo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Kwa Waswahili wa pwani, vazi hilo si geni. Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Zanzibar katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, mafundi, wafanyabiashara na mavazi ya Muscat yalikuja pamoja naye. Picha za masultani wa Zanzibar zinawaonyesha wakiwa na hanjari kiunoni. Katika harusi za Unguja na Lamu, bwana harusi aliyevalia joho, kilemba na jambia alikuwa picha ya kawaida, na baadhi ya familia hudumisha desturi hiyo mpaka leo.

Bei inajengwa na nini

Mnunuzi anayeijua biashara hii hatazami kwanza makali. Macho yake huenda kwenye mpini, kwani ndio sehemu inayobeba kiasi kikubwa cha bei, hasa Yemen. Mpini unaweza kuwa wa mti, wa pembe ya ng'ombe au nyati, wa plastiki, wa pembe ya ndovu au wa pembe ya faru. Majambia mawili yenye bapa moja na ala moja yanaweza kutofautiana bei mara mia kwa sababu ya mpini peke yake.

Baada ya mpini hutazamwa bapa. Bapa lililofuliwa kwa mkono na mhunzi, likiwa na mgongo imara wa katikati, hupewa heshima kuliko lile lililokatwa kiwandani kutoka kwenye bamba la chuma. Mabapa ya zamani yanayonasibishwa na Hadhramaut yana sifa ya pekee, na huhamishwa kutoka mpini mmoja hadi mwingine kadiri vizazi vinavyopita.

Kisha kuna ala na mshipi. Ala ya jambia la kawaida ni ya mti iliyofunikwa ngozi au kitambaa. Ala ya mtu wa cheo inaweza kufunikwa kwa fedha au hata dhahabu. Mshipi wenye nyuzi za fedha au dhahabu, uliotariziwa kwa mkono, unaweza kuwa na bei kubwa kuliko kisu chenyewe.

La mwisho ni historia. Jambia lililovaliwa na imamu, kadhi, mshairi au sheikh maarufu hubeba jina lake. Hapo ndipo bei huachana kabisa na vifaa. Hakuna fundi awezaye kutengeneza upya jambia lililovaliwa na Imam Ahmad, hata akiwa na pembe, chuma na fedha ya aina ile ile.

Kazi ya mikono mingi

Hanjari ya Oman inasaidia kuonyesha ni sehemu gani ya bei iliyo halali kwa maana ya kazi. Kisu kimoja hupita mikononi mwa mafundi kadhaa: mhunzi wa bapa, mchongaji wa mpini, mfua fedha, fundi wa ngozi na mtarizi wa mshipi. Sehemu ya juu ya ala hupambwa kwa nakshi zilizochongwa, na sehemu ya chini hufumwa kwa nyuzi nyembamba za fedha zinazopitishwa moja moja. Pete za fedha hushikilia mshipi. Kazi hiyo inaweza kuchukua wiki nyingi, na haifanyiki kwa haraka bila kuonekana.

Hanjari pia zina miji na koo zake. Ile iitwayo Saidi ina jina la ukoo wa kifalme na hutambulikana kwa pete zake saba na mpini wake uliopambwa kwa fedha. Nyingine hunasibishwa na Nizwa, Sur au pwani ya Batina. Anayeelewa huweza kumtambua mvaaji ametoka wapi kwa kutazama kiuno chake.

Fedha yenyewe ina historia inayofika Zanzibar. Kwa muda mrefu wafua fedha wa Oman na Yemen waliyeyusha sarafu za Maria Theresa, malkia wa Austria, ambazo zilichapwa zikiwa na mwaka 1780 hata baada ya malkia huyo kufariki. Kila sarafu ilikuwa na uzito wa takriban gramu 28, na sehemu 833 kati ya 1,000 zilikuwa fedha halisi. Kwa kuwa kiwango hicho hakikubadilika, fundi aliweza kuziamini bila kupima upya. Sarafu hizo hizo zilitumika katika biashara ya karafuu na pembe za ndovu katika pwani ya Afrika Mashariki.

Hesabu ndogo ya mfano inatosha kuonyesha uwiano wa kazi na malighafi. Chukulia hanjari yenye gramu 300 za fedha, katika siku ambayo wakia moja ya fedha, yaani gramu 31.1, inauzwa kwa dola 30. Hata kama fedha yote ingekuwa safi, thamani yake isingefika dola 300. Ikiwa hanjari hiyo inauzwa kwa dola 1,500, basi malighafi kuu haifiki moja ya tano ya bei. Sehemu iliyobaki ni vifaa vingine, wiki za kazi, kodi ya duka, faida ya mwenye duka na jina la fundi.

Je, huo ni unyonyaji? Kwa kazi iliyofanywa kwa mkono, hapana. Fundi anayetumia mwezi mmoja kwa kisu kimoja lazima ale mwezi mzima, na mwanafunzi wake naye ale. Bei ikishushwa hadi thamani ya fedha pekee, vijana hawatajifunza kazi hiyo, na ufundi ulioingizwa katika orodha ya UNESCO utabaki katika makumbusho. Tatizo huanza pale mnunuzi anapotozwa bei ya kazi ya mkono kwa kitu kilichotoka kwenye mashine.

Pembe iliyovuka bahari

Kuna bei nyingine ambayo haikuandikwa katika risiti yoyote. Hadi miaka ya 1960, mpini wa pembe ya faru ulikuwa wa wachache nchini Yemen: watu wa koo za masayyid, makadhi, masheikh na matajiri. Mambo yalibadilika bei ya mafuta ilipopanda katika miaka ya 1970. Wanaume wa Yemen kwa mamia ya maelfu walikwenda kufanya kazi Saudi Arabia, wakarudi na mishahara ambayo baba zao hawakuwahi kuiota. Kitu kilichokuwa alama ya ukubwa sasa kiliweza kununuliwa na mjenzi au dereva, naye akakitaka.

Pembe ya faru ilipendwa kwa sababu za kweli. Tofauti na pembe ya ng'ombe, ambayo ina uwazi na mfupa ndani, pembe ya faru imejaa tangu juu hadi chini. Imeundwa kwa keratini, dutu ile ile ya kucha na nywele. Kwa hiyo mchongaji huweza kukata mpini mzima kutoka kipande kimoja na kuung'arisha. Kadiri unavyoshikwa mwaka baada ya mwaka, mpini hugeuka rangi, ukawa wa manjano na kuanza kupitisha mwanga pembezoni. Mpini wa kale uliofikia hali hiyo huitwa saifani, na ndio unaolipiwa fedha nyingi kupita yote. Mwenye jambia la saifani huonyesha kwamba familia yake ilikuwa na uwezo tangu zamani.

Lakini kila mpini ulianza na mnyama aliyeuawa. Faru mweusi mmoja hutoa pembe mbili zenye uzito wa takriban kilo tatu kwa wastani, na sehemu kubwa ya pembe hupotea kama vipande na unga wakati wa kuchonga. Mabaki hayo hayakutupwa, kwani yaliuzwa kwa wafanyabiashara wa dawa za asili wa Asia Mashariki. Hivyo soko moja lililisha jingine.

Idadi ya faru weusi barani Afrika ilishuka kutoka takriban 65,000 mwaka 1970 hadi chini ya 2,500 katikati ya miaka ya 1990. Kenya, iliyokadiriwa kuwa na faru 20,000 mwanzoni mwa kipindi hicho, ilibaki na wasiofika 400 mwishoni mwa miaka ya 1980. Uganda ilipoteza faru wake wote wa porini, hadi walipoanza kurejeshwa katika hifadhi ya Ziwa mwaka 2005. Tanzania nayo ilibaki na makundi madogo yaliyolindwa kwa bunduki.

Haitakuwa haki kuitwika Yemen mzigo wote. Mahitaji ya dawa katika Asia Mashariki yalichangia sana, na vita, silaha zilizozagaa na rushwa katika nchi zenye faru vilirahisisha kazi ya majangili. Hata hivyo, watafiti waliofuatilia njia za pembe katika miaka hiyo waliitaja Yemen Kaskazini, kama ilivyoitwa wakati huo, kuwa miongoni mwa masoko makubwa kabisa duniani.

Mtafiti aliyejulikana zaidi katika kazi hiyo alikuwa Esmond Bradley Martin, Mmarekani aliyeishi Nairobi kwa miongo kadhaa. Alikwenda Sanaa mara kwa mara, akakaa na wachongaji, akapima pembe na kuandika bei. Aliuawa nyumbani kwake Nairobi mwezi Februari mwaka 2018.

Marufuku, fatwa na nyati

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka huo huo faru wote waliwekwa katika kundi la ulinzi wa juu kabisa la CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka. Yemen Kaskazini ilipiga marufuku uingizaji wa pembe za faru mwaka 1982. Magendo yaliendelea, lakini pembe mpya zikaanza kuadimika na bei zikapanda.

Mwaka 1992, mwaka ule ule wa jambia la dola milioni moja, Mufti Mkuu wa Yemen alitoa fatwa iliyosema kwamba kuua faru kwa ajili ya mipini ya majambia ni kinyume na mapenzi ya Mungu. Mwaka 1997 Yemen ilijiunga na CITES.

Uchumi nao ulifanya kazi yake. Baada ya mgogoro wa Ghuba wa mwaka 1990, mamia ya maelfu ya Wayemeni walilazimika kuondoka Saudi Arabia. Mishahara iliyokuwa ikinunua mipini ya faru ilikatika ghafla. Wachongaji waligeukia pembe za nyati wa majini kutoka India, mti na plastiki. Wavaaji wengi wa leo nchini Yemen wana mpini wa aina hizo, na heshima yao mbele ya watu haijapungua.

Katika upande wa Afrika, faru wameanza kuongezeka polepole. Faru weusi barani sasa wanazidi 6,000, na Kenya imevuka idadi ya 1,000 katika hesabu za miaka ya karibuni. Mafanikio hayo yamegharimu uzio, askari, ndege na maisha ya walinzi. Mwezi Aprili mwaka 2016 Kenya iliteketeza tani 105 za pembe za ndovu na zaidi ya tani moja ya pembe za faru katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ikitaka kuonyesha kwamba kwake pembe haina thamani isipokuwa juu ya mnyama aliye hai.

Mnadani, jina hushinda chuma

Mbali na masoko ya Sanaa na Muscat, kuna soko la tatu: nyumba za minada za Ulaya. Mwezi Aprili mwaka 2008 jambia la Shah Jahan, mfalme wa India aliyejenga Taj Mahal, liliuzwa na kampuni ya Bonhams mjini London kwa pauni milioni 1.7. Bapa lake lina maandishi ya dhahabu yanayotaja cheo cha mfalme huyo. Maandishi hayo ndiyo yaliyoligeuza kutoka kisu kizuri cha kale kuwa hati ya historia.

Mwaka 2023 upanga wa Tipu Sultan, mtawala wa Mysore aliyeuawa akipigana na Waingereza mwaka 1799, uliuzwa katika mnada kama huo kwa takriban pauni milioni 14. Wataalamu wa mnada walikuwa wamekadiria kwamba ungefikia pauni milioni mbili hivi. Hata wenye kazi yao hawawezi kuijua bei kabla ya matajiri wawili kushindana chumbani.

Mifano hiyo ina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba bei kubwa kabisa hulipwa kwa uthibitisho: maandishi, picha, barua na orodha za mali zinazoonyesha kisu kilikuwa cha nani. La pili ni kwamba vitu vya namna hiyo ni vichache mno. Mtu aliye na hanjari ya babu yake asidhani kwamba naye anamiliki mamilioni kwa kuwa jambia la mfalme liliuzwa London.

Je, ni kitega uchumi?

Wauzaji wengi humwambia mteja kwamba jambia halishuki bei. Kauli hiyo inahitaji kupimwa. Dhahabu ina bei inayotangazwa kila siku, na duka lolote la sonara hununua. Jambia halina bei ya siku. Thamani yake ni kile ambacho mtu mmoja mahususi yuko tayari kulipa, na mtu huyo huenda asipatikane kwa miezi.

Mfano wa hanjari ya dola 1,500 unaeleza hatari hiyo. Mwenye nayo akitaka kuiuza kesho yake kwa dharura, mwenye duka anaweza kumpa kidogo tu zaidi ya thamani ya fedha iliyomo, kwa kuwa naye lazima asubiri mteja na apate faida. Gharama ya kazi, ambayo ilikuwa halali wakati wa kununua, huyeyuka wakati wa kuuza kwa haraka.

Vita vya Yemen vimeonyesha jambo hilo kwa uchungu. Tangu mji wa Sanaa ulipotekwa na Wahouthi mwaka 2014 na muungano ulioongozwa na Saudi Arabia kuanza mashambulizi mwaka 2015, familia nyingi zimeuza mali za urithi ili kununua chakula na dawa. Wauzaji wakiwa wengi na wanunuzi wachache, kitu cha fahari hupoteza bei wakati ule ule ambao mwenyewe anakihitaji zaidi.

Sheria ni hatari nyingine. Jambia lenye mpini wa pembe ya faru au ya ndovu haliwezi kuvushwa mipaka kama zawadi ya kawaida. Biashara ya kimataifa ya pembe hizo imezuiwa, na vitu vya kale huhitaji vibali. Uingereza ilianza kutekeleza mwaka 2022 sheria inayokataza karibu biashara yote ya pembe za ndovu, hata za kale, isipokuwa kwa vigezo vichache. Nchini Kenya, makosa makubwa yanayohusu nyara za wanyama walio hatarini yanaweza kumpeleka mtu gerezani maisha. Msafiri anayenunua kisu kama hicho kwa maelfu ya dola anaweza kukipoteza forodhani pamoja na uhuru wake.

Mambo ya kutazama kabla ya kulipa

Kwa anayetaka kununua kwa halali, bado yapo mambo yanayomlinda. Mpini wa plastiki huwa na rangi moja kila mahali, na mara nyingine alama ya kalibu huonekana pembeni. Pembe ya ndovu ina mistari myembamba inayopishana ikitazamwa kwa kukata. Pembe ya faru ina nyuzi zilizolala sambamba mithili ya nywele zilizogandishwa. Anayeonyeshwa kimojawapo kati ya vitu hivi viwili vya mwisho ana sababu ya kurudisha kisu mezani.

Bapa huchomolewa na kuangaliwa mgongo wake. Lililofuliwa lina uzito na unene unaobadilika, na lililokatwa kwa bamba ni jembamba na sawasawa. Nakshi za mkono hazilingani kabisa upande hadi upande, ilhali za mashine hujirudia bila kosa. Uchakavu nao husema: kisu kilichovaliwa miaka mingi huwa kimelainika sehemu ya nyuma inayosuguana na nguo. Kikiwa kimechakaa mbele tu, panapoonekana na mteja, huenda kilichakazwa kwa makusudi.

Fedha hupimwa kwa mizani, na muuzaji mwaminifu hakatai. Jina la fundi, mahali kilipotengenezwa na risiti iliyoandika vifaa vyote ni sehemu ya mali yenyewe. Hadithi ya mdomo kwamba kisu kilikuwa cha sultani haina bei mpaka ithibitishwe.

Familia za pwani zilizo na majambia ya urithi zina kazi nyingine iliyo rahisi zaidi. Kuandika jina la aliyekivaa, kutafuta picha ya harusi ambayo kisu kinaonekana, na kuhifadhi barua au hati zinazokitaja huongeza thamani yake kuliko kuking'arisha. Kusugua fedha ya kale hadi ing'ae kama mpya hufuta nakshi na alama za umri, na mnunuzi mjuzi hupunguza bei kwa sababu hiyo.

Inastahili bei yake?

Jibu linategemea kinacholipiwa. Hanjari iliyofuliwa na kufumwa kwa mkono inastahili bei kubwa, kwa kuwa bei hiyo huwalisha mafundi na kuhifadhi ujuzi usioweza kurejeshwa ukipotea. Jambia lenye historia iliyothibitishwa linastahili kile ambacho makumbusho au mkusanyaji yuko tayari kutoa, kwa sababu halina pacha. Kisu cha kiwandani kilichovikwa hadithi ya kifalme hakistahili, hata kikiuzwa nusu bei.

Mpini wa faru ni suala la peke yake. Wachongaji wa Sanaa wamekwisha kuonyesha kwamba jambia linaweza kuvaliwa, kurithishwa na hata kuwekwa rehani mbele ya wazee likiwa na mpini wa pembe ya nyati. Faru wa Kenya, Tanzania na Uganda bado wanalindwa usiku na mchana, na gharama ya ulinzi huo hulipwa na nchi zenye wanyama hao, miaka zaidi ya 40 baada ya Yemen Kaskazini kupiga marufuku pembe zao.